Maswali na majibu: Redio za reli

Wiki hii tunajibu maswali kuhusu mawasiliano ya redio kwenye reli, yaliyotoka kwa wasomaji waishio kando ya njia ya Malaba hadi Kampala.

Kwa nini dereva wa treni asitumie simu yake ya mkononi kama sisi wengine? (Msomaji, Jinja)

Kwa sababu simu ya kawaida humfikia mtu mmoja, na mtandao ukijaa haimfikii hata huyo mmoja. Treni ya mizigo iliyosheheni huweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ili isimame, kwa hiyo dereva anayeona lori limekwama kwenye reli hana nafasi ya kutafuta namba. Katika mfumo wa redio wa GSM-R, uliobuniwa Ulaya kwa ajili ya reli, yeye hubonyeza kitufe kimoja, na sauti yake husikika papo hapo kwa madereva wote wa eneo hilo na kwa mwongozaji wa treni aliye katika chumba cha udhibiti, huku mazungumzo yasiyo ya dharura yakikatwa ili kumpisha. Tena mwongozaji humpigia dereva kwa namba ya treni, ambayo dereva huisajili redioni anapoanza safari, hivyo hahitaji kujua nani yuko zamu. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko usafi wa sauti.

Treni ikienda kasi, mawasiliano hayakatiki? (Msomaji, Tororo)

GSM-R ilisanifiwa kwa kasi ya hadi kilomita 500 kwa saa. Minara hupangwa kando ya reli ili mawimbi ya mmoja yaingiliane na ya mwenzake, na ndani ya mahandaki hutandazwa kebo maalumu inayovujisha mawimbi kwa urefu wake wote.

Je, mhalifu mwenye redio anaweza kuisimamisha treni? (Msomaji, Iganga)

Imewahi kutokea. Mwezi Agosti 2023, takriban treni 20 kaskazini-magharibi mwa Poland zilisimama baada ya mtu kurusha redioni milio mitatu inayoamrisha breki za dharura. Mfumo huo wa analogi, wa masafa ya megahezi 150, haukuwa na namna ya kumtambua mrushaji. Hakuna aliyeumia, kwani amri hiyo husimamisha tu. Mfumo wa kidijitali nao una udhaifu wake: tarehe 8 Oktoba 2022, kebo za mawasiliano zinazotegemewa na GSM-R zilikatwa katika sehemu mbili nchini Ujerumani, ya akiba ikiwemo, na treni za kaskazini zikasimama kwa saa kama tatu. Kebo ya akiba inahitaji ulinzi ule ule wa kebo kuu.

Reli yetu mpya itatumia nini? (Msomaji, Kampala)

Mkataba wa kilomita 272 za Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Yapı Merkezi, ambayo huko Tanzania ilijenga njia ya Dar es Salaam hadi Morogoro yenye GSM-R na ETCS (mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo wa treni) ya ngazi ya pili, ambapo ruhusa ya treni kusonga humfikia dereva kwa redio, kwenye skrini iliyo mbele yake. Hata hivyo GSM-R ni ya kizazi cha pili cha simu, na mrithi wake, FRMCS, anaandaliwa juu ya teknolojia ya 5G. Ningependa wahandisi wetu wadai tangu sasa minara, kebo na umeme vitakavyoweza kubeba mfumo huo mpya, na njia ya zamani yenye upana wa mita moja kati ya reli, iliyofika Kampala mwaka 1931, nayo ipewe redio ya uhakika, maana bado inabeba mizigo.