Wastani wa Sekta Unavyoficha Benki Dhaifu

Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha akiba na mikopo kwa miaka tisa, na kosa langu kubwa nililifanya mwaka 2017, wajumbe wa bodi waliponiuliza kama ni salama kuweka shilingi milioni 40 kwenye amana ya muda maalumu katika benki moja ndogo iliyokuwa ikitoa riba nono kuliko nyingine. Niliwajibu kwa kujiamini kwamba sekta ya benki nchini ni imara, kwa kuwa uwiano wa mtaji wa msingi wa sekta nzima, yaani fedha za wanahisa zikilinganishwa na mali zenye hatari kama mikopo, ulikuwa juu sana ya asilimia 10 inayotakiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Takwimu ilikuwa sahihi. Amana ilipoiva tuliambiwa turudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine, na tulisafiri mara tano katika miezi miwili hadi kuipata yote.

Benki yetu haikuwa miongoni mwa zile tano ambazo Benki Kuu ilizifutia leseni kwa mkupuo Januari 2018 kwa upungufu wa mtaji, lakini habari ile ndiyo iliyonifumbua macho. Zote tano zilikuwa ndogo, kiasi kwamba kuondoka kwake hakukutikisa wastani wa sekta, ambao hubebwa na benki chache kubwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kupima uthabiti wa benki za nchi ni kwamba asiishie kwenye wastani, bali aulize ni benki ngapi ziko chini ya kiwango au zinakikaribia, na zimeshika amana za nani.

Kipimo kinachopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni uwiano wa mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo yote ambayo wakopaji hawailipi kama walivyokubaliana. Mwaka 2017 uwiano huo ulizidi asilimia 10 nchini, ilhali Benki Kuu hutaka usivuke asilimia 5, na miaka ya karibuni umeshuka chini ya kiwango hicho. Ni habari njema, ila kabla ya kushangilia inafaa kujua umeshukaje. Chukua mfano wa benki yenye mikopo ya shilingi bilioni 100, na kati yake bilioni 10 ni chechefu: hiyo ni asilimia 10. Ikikopesha kwa kasi hadi kufikia bilioni 200, na chechefu ikapanda hadi bilioni 14, uwiano unashuka hadi asilimia 7 huku mzigo wenyewe umeongezeka, na mikopo mipya bado haijapata muda wa kuharibika. Uwiano hushuka vilevile mikopo mibovu inapofutwa vitabuni, hata kama hakuna senti iliyorejeshwa. Ndiyo maana siku hizi husoma kiasi chenyewe kwanza, kisha asilimia.

Ukwasi, yaani kuwa na fedha za kulipa zinapodaiwa, ni jambo jingine kabisa, na benki yenye mtaji kwenye karatasi inaweza kukosa fedha za kuwalipa wateja Jumatatu asubuhi. Agosti 2018 Benki Kuu ilichukua usimamizi wa Bank M kwa sababu ya tatizo hilo hilo la ukwasi.

Watafiti wanaolinganisha nchi, Benki ya Dunia ikiwamo, hutumia alama Z: faida kama asilimia ya mali hujumlishwa na mtaji kama asilimia ya mali, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa kiasi ambacho faida huyumba mwaka hadi mwaka. Benki yenye faida ya asilimia 2, mtaji wa asilimia 10 na myumbo wa asilimia 1 hupata 12. Yenye faida ya asilimia 3, mtaji wa asilimia 9 na myumbo wa asilimia 4 hupata 3 tu, ingawa ndiyo inayojisifia faida kubwa. Naipenda hesabu hii kwa kuwa inaadhibu kuyumba, japo haina dawa kwa mahesabu yaliyopikwa.

Kwa mtu wa kawaida, kazi yote hii huanzia kwenye taarifa ya robo mwaka ambayo kila benki hulazimika kuichapisha. Mimi hukata ukurasa huo gazetini na kuuweka kwenye faili, kisha kwa penseli nazungushia duara mistari mitatu iliyo sehemu ya chini: mtaji wa wanahisa kwa mali zote, mikopo chechefu kwa mikopo yote, na mikopo kwa amana. Nakala nane za miaka miwili zikipangwa mezani huonyesha mwelekeo ambao nakala moja haiwezi kuuonyesha. Aidha, kumbuka kwamba kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ina kikomo. Wakati ule ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana, na chama chetu chote chenye milioni 40 kilihesabiwa kuwa mteja mmoja.

Benki inayochelewesha taarifa yake siipigii hesabu yoyote. Jina lake naliondoa kwenye orodha kabla kikao hakijaanza.