Elektroni inaonekana? Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya maabara

Wiki yako ya kwanza haitakwisha kabla mwanafunzi hajakuuliza: "Mwalimu, elektroni inaonekana kwa macho?" Mimi nilikuwa nikijibu "haionekani" huku naosha chupa. Si uongo, ila mtoto anaondoka mikono mitupu.

Mweleze kwa nini. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na atomi nzima ni kama sehemu moja ya kumi ya nanomita. Elektroni ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, na mwanga hauwezi kuonyesha kitu kidogo mno kuliko wimbi lake, kwa hivyo hata hadubini ya mwanga haikusaidii kitu.

Kisha muulize kama amewahi kwenda ufuoni Nyali alfajiri. Kaa keshaingia shimoni, lakini mchanga wote umeandikwa nyayo zake. Chemba ya mawingu, aliyoikamilisha Charles Wilson mwaka 1911, ndiyo mchanga wetu. Unalowesha kitambaa kwa alkoholi ya isopropili, unakibana juu ndani ya chombo cha kioo, na chini unaweka barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, ile ya nyuzi 78 chini ya sifuri (vaa glavu, haina mzaha). Mvuke unashuka na kupoa. Chembe yenye chaji, kama elektroni, ikipita, inaacha ioni (atomi au molekuli zenye chaji) njiani, na mvuke unazishika ukawa vitone. Unachokiona ni mstari mweupe wa vitone. Chembe yenyewe imeshakwenda zake.

Mara ya kwanza niliaibika. Barafu niliichukua mapema, na kwa joto letu hili kufika saa nne ilikuwa nusu. Madirisha niliyaacha wazi, tochi nikaimulika kutoka juu. Darasa likaona ukungu, likacheka. Siku hizi barafu naifuata dakika za mwisho, pazia nafunga, tochi nailaza ubavuni karibu na sakafu ya chemba. Hapo subira: dakika kumi hivi bila kugusa kitu.

Mistari mifupi minene ni alfa (chembe nzito za mionzi), iliyopindapinda ni elektroni, mirefu iliyonyooka mingi ni muoni, chembe zinazoshuka kutoka angani. Hapa usawa wa bahari hupita muoni moja hivi kwa kila sentimita mraba kila dakika.

Kijana mmoja wa viti vya nyuma, bingwa wa kusinzia, alihesabu muoni saba kisha akauliza zinatoka wapi. Nikamwonyesha juu. Akalitazama pangaboi.