Muulize Anti: Mchango umekata na mgonjwa bado yuko kwenye mashine

Shikamoo Anti. Nina rafiki yangu nimuite Mama J, tumeanza wote kuuza vitenge Kariakoo tukiwa wasichana, tumelea watoto pamoja. Mwaka jana alianza kuvimba miguu akadhani ni uchovu, kwenda kupima presha iko juu balaa na figo zote mbili zimekufa. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hospitali binafsi karibu na kwetu, kila mara laki na themanini. Nikafungua grupu la wasap tukawa watu 64 na tukapata 6,200,000, nililia kwa furaha. Anti ile hela haikumaliza hata miezi mitatu! Mpira wa shingoni wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine ulipata maambukizi akalazwa wiki nzima, wakamtengenezea mshipa wa mkononi wa kutumia badala yake nao ukagoma. Sasa nikiandika kwenye grupu watu wanasoma wanakaa kimya, mmoja akauliza mbona haponi hela zetu zinaenda wapi, wawili wakaleft. Mama J kasikia na sasa anasema tumuache apumzike, anataka kuacha kwenda. Kuna kijana kanishauri nimrekodi akiwa kwenye mashine niweke TikTok, eti watu wakimuona watatoa. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu, na pole sana, naona umeshachoka kuliko ulivyoandika.

Naanza na hilo la Mama J kutaka kuacha maana haliwezi kusubiri. Mtu ambaye figo hazifanyi kazi kabisa akiruka dayalisisi, yaani huko kusafishwa damu, maji yanajaa mwilini mpaka kwenye mapafu, potasiamu, ile chumvi ya kwenye damu, inapanda na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama, na hii inaweza kuwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo leo hii, sio wiki ijayo, mwambie nesi wake au daktari kwamba mgonjwa anasema anataka kuacha. Halafu kaa naye wewe mwenyewe, bila simu, umuulize ni mwili umechoka au ni aibu ya kuchangiwa. Nahisi ni aibu. Mtu aliyezoea kutoa kwenye vikoba na misiba ya wenzake, siku akianza yeye kupokea anaumia ndani kuliko ile sindano.

Sasa huyo aliyeuliza mbona haponi. Umekasirika, naelewa, ila ebu rudi kwenye meseji yako ya kwanza kabisa uisome, nina uhakika uliandika tumchangie apone. Figo zikishakufa kabisa hivyo dayalisisi haiziponyi, inafanya tu kazi yao, kila kikao kama masaa manne, na keshokutwa unarudi tena. Wenzako walidhani wanachangia kitu chenye mwisho. Sisi tumezoea mchango wa harusi, kuna kadi, kuna ahadi, kuna kikao, halafu siku inafika watu wanakula pilau na kamati inavunjwa. Hii haina siku ya kuvunja kamati mwanangu. Hii ni kama kodi ya nyumba, na kodi huwezi kuiombea watu kama unavyoomba mchango wa harusi.

Hebu tupige hesabu. Mara tatu kwa wiki ni kama safari 13 kwa mwezi, kwa laki na themanini ni 2,340,000, hapo hujaweka sindano za kuongeza damu, vipimo na bajaji ya kwenda na kurudi. Hao watu 64 kila mmoja akitoa elfu kumi kila mwezi bila kukosa ni 640,000, yani safari tatu na kitu. Kwa hiyo hata wangekuwa watu wema kupita wote duniani grupu lako peke yake halimuwezi Mama J, na wewe umejibebesha kama vile ukishindwa ni kosa lako.

Cha kwanza ni bima, na hapa nashangaa hukuniambia kitu. Mama J ana mume au mtoto mwenye ajira rasmi anayekatwa bima ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya? Mwanachama aliyeajiriwa anaruhusiwa kuwaandikisha mwenza wake na wategemezi, na wazazi wamo kwenye wategemezi. Kuna familia zinauza kiwanja wakati mtoto ni mwalimu na hajawahi kujaza fomu ya mama yake! Ulizeni kesho. Kama hakuna kabisa, basi mpeleke hospitali ya serikali yenye mashine, ukaulize bei zao, na kabla ya hapo pitia serikali ya mtaa uchukue barua, kisha uende dirisha la ustawi wa jamii pale hospitali. Afisa ustawi atamhoji, anaweza kupata msamaha wote au nusu, au asipate, ila hospitali binafsi hiyo njia hutaipata kirahisi. Watu wengi wanaliruka hili dirisha kwa sababu wanaona ni la watu wasio na ndugu.

Ndipo urudi kwenye grupu na maneno mengine. Waambie ukweli kwamba ugonjwa ni wa muda mrefu, taja zile safari 13, na omba watu wachache waahidi kidogo kila mwezi. Mtu akisema mimi nabeba safari moja kila baada ya miezi minne, andika. Ukipata 15 wa uhakika ni bora kuliko 64 wa kulazimishana. Hela isikae kwenye simu yako peke yako, muwe wawili au watatu na mmoja atoke kwenye familia yake, mlipe moja kwa moja hospitali, kama ni ya serikali mnapewa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, mnalipia hapo hapo, risiti mnaipiga picha mnaiweka grupu siku hiyo hiyo.

Na wale waliokaa kimya usiwachukie. Mimi nimewahi kushika daftari la mchango wa jirani yangu miaka ya nyuma, ikafika mahali nikikutana na mtu sokoni naona tu jina lake halina tiki. Baadae nikaja kujua mmoja wao alikuwa anamuuguza mama yake kimyakimya, hakumwambia mtu. Nilijisikia vibaya mpaka leo.

Kuhusu kupandikiza figo, Muhimbili walianza mwaka 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018, kwa hiyo sio lazima muanze kukusanya hela za kwenda India. Ila mchangiaji wa figo anatakiwa awe ndugu, awe mzima na akubali mwenyewe bila kusukumwa, na baada ya hapo kuna dawa za kumeza maisha yote. Hayo waachie familia wakae na daktari, wewe usiyapeleke grupu.

Video hapana. Labda Mama J mwenyewe aseme nirekodi, akiwa na nguvu zake na akijua wanae watakuja kuiona. Sio siku anayolia.

*

Anti, salaam aleikum kutoka Mombasa. Rafiki yetu alikuwa na kansa ya damu, tukafanya mchango wa kumpeleka India, lakini akatuacha kabla ya safari. Kwa akaunti kumebaki shilingi 210,000. Kakake anazitaka zote, wengine wataka warudishiwe. Sisi watatu ndio wenye sahihi na twalaumiwa kila upande.
Abu

Waaleikum salaam Abu, na Mungu amrehemu rafiki yenu. Hizo pesa sio za kakake na sio zenu nyinyi watatu, watu walizitoa kwa kazi moja na kazi hiyo haipo tena. Kama kuna bili ya hospitali haijalipwa, waulizeni waliochanga mlipe hiyo kwanza, sidhani kama yuko wa kukataa. Halafu wapeni siku, tuseme wiki mbili, anayetaka pesa yake aseme na irudi kwa namba ile ile iliyotoka. Kitakachobaki wao ndio waseme kiende wapi, kama marehemu ana watoto wa shule mnaweza kupendekeza karo, ilipwe shuleni moja kwa moja. Kakake mueleweni, kafiwa, ila msimpe hata shilingi kabla watu hawajaulizwa. Na muwaulize wote, hata yule aliyetuma shilingi hamsini, jina lake liko kwenye stetimenti.