Kumbukumbu za kemikali: ni miaka 30, si mitano

Mkuu, umesema kiwanda cha rangi alichofanyia kazi kaka yako kule Texas kimemwambia kumbukumbu zake za kemikali hutunzwa miaka mitano tu. Hiyo mitano ni ya fomu za ajali na majeruhi. Hilo ni daftari jingine kabisa. Vipimo vya kemikali alizokuwa akivuta hutunzwa miaka 30, na faili lake la afya hutunzwa muda wote wa ajira, kisha 30 tena. Ni kanuni ya OSHA ya Marekani, yaani mamlaka yao ya usalama na afya kazini, namba 1910.1020. Magonjwa kama ya asbesto hujitokeza baada ya miongo, ndiyo maana.

Kurudi kwake Tanga hakumpotezei haki, hata aliyeacha kazi anaruhusiwa. Akiandikie kiwanda barua, ataje idara na miaka aliyofanya kazi. Wana siku 15 za kazi kumpa au kumweleza kwa nini wanachelewa, na nakala ya kwanza ni bure. Ukimfuatilia kumbukumbu hizo wewe, uwe na idhini yenye sahihi yake.

Aombe hasa majibu ya kile kipampu cha kuvuta sampuli ya hewa, cha kufunga kiunoni, chenye kichujio kwenye ukosi wa shati. Hata sisi wa usalama viwandani hapa Tanga tunakithamini, maana kinapima hewa ya mtu mwenyewe, si ya ukumbi mzima.

Ila karatasi za maelezo ya kemikali wanaweza kuwa wameshazitupa kihalali, mradi wamebakiza jina la kemikali, ilitumika wapi na lini. Na suala hili usiwapelekee OSHA yetu ya hapa Tanzania, majina yamefanana tu.