Kupima karanga dhidi ya viwavi: matundu ya majani hayatoshi

Wakulima wa kusini, kuanzia Mtwara hadi Nachingwea, huniuliza mbegu ipi ya karanga inahimili viwavi. Nami huwashauri waijaribu wenyewe shambani, kwa utaratibu utakaowapa jibu la kuaminika. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017, tunamjua kwa mahindi, lakini huko Amerika alikotoka hula hata karanga. Hapa kwetu yupo pia funza wa vitumba, ambaye haishii kwenye pamba.

Kwanza jua unapima nini. Mwaka 1951 mtaalamu wa Marekani, Reginald Painter, alitenganisha mambo matatu: mmea ambao mdudu haupendi, mmea unaomdhoofisha mdudu anayeula, na mmea unaoliwa lakini bado unazaa. Ukihesabu matundu tu, mmea wa aina ya tatu utautupa, na pengine ndio unaoufaa mfuko wako.

Shambani, panda mbegu unazozipima pamoja na moja ambayo kila mtu anajua kwamba viwavi huipenda. Bila hiyo, msimu wenye viwavi wachache utakudanganya kwamba kila mbegu ni shujaa. Rudia kila mbegu kwenye vitalu visivyopungua vitatu, na upange kwa kura, kwa sababu nondo wanaozaa viwavi hawatagi mayai sawasawa shamba zima. Upande ulio karibu na magugu mara nyingi huliwa zaidi. Kila mbegu iwe na kitalu kinachopigwa dawa ya viwavi na kisichopigwa.

Wakati wa kukadiria majani yaliyoliwa, napenda watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Angalieni sana madoa ya majani. Ugonjwa huo hupukutisha majani, na nimeona hasara yake ikiandikwa kwenye hesabu ya viwavi. Jani lililoliwa lina kingo zilizong'atwa, na mara nyingi utakuta kinyesi cha kiwavi hapo karibu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha jani lililokatwa, maana hakihitaji kusubiri mashambulizi. Chuma jani zima lenye vijani vyake vinne, chomeka kikonyo kwenye mchanga mbichi ndani ya kopo, weka viwavi waliototolewa siku moja kwa kutumia unyoya laini, kisha funika kwa kitambaa chepesi. Majani yote yawe ya umri mmoja. Ukichanganya jani changa na lililokomaa utakuwa unapima umri, si mbegu. Baada ya siku chache hesabu walio hai na uwapime uzito, au urefu kama huna mizani ndogo. Kwa njia ya kuwalisha viwavi namna hii, watafiti wa jimbo la Georgia, Marekani, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba karanga ya Southeastern Runner 56-15 haimstawishi kiwavijeshi.

Lakini msiamue kwa kopo peke yake. Majani yakiliwa mapema, karanga huweza kuchipua tena. Yakiliwa wakati inatoa maua na kujaza maganda, mavuno huumia zaidi. Kwa hiyo vuneni vitalu vyote, kausheni, pimeni uzito wa maganda, na mlinganishe kilichopigwa dawa na kisichopigwa. Pengo likiwa dogo na mavuno yenyewe yakiwa ya kuridhisha, hiyo ndiyo mbegu ya kurudia msimu ujao kwenye eneo kubwa kidogo, kabla ya kuigawia kijiji.