Sindano isitajwe mapema

SWALI: Nikiwasimulia wanafunzi wangu hapa Lamu kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, husinzia kabla hatujafika mwisho wake kisimani. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, huenda siri ya sindano ya shaba unaitoboa mwanzoni. Ifiche mpaka mwana wa Liyongo amuulize babake ni kitu gani kitakachomuua. Gerezani usipaharakishe: walinzi hula vyakula vizuri anavyoletewa Liyongo na Saada, mjakazi wa mamake, lakini mkate wa wishwa wanamwachia, na tupa imo ndani. Nje ngoma ya gungu imepamba moto, naye Liyongo anakereza minyororo. Hapo waimbishe; bila kiitikio darasa hupoa. Kisimani, mwoneshe amepiga goti, mshale upindeni, mji mzima hauthubutu kuteka maji. Usiseme amekufa. Waache wakuulize wenyewe.