Maswali ya Wasomaji: Fu Jen, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Beijing na Taiwan

Makala yetu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki barani Asia iliitaja Fu Jen kwa aya moja tu. Barua zilizofuata zilitaka zaidi, na haya ndiyo maswali yaliyojirudia.

Mahali pamoja nimesoma kwamba Fu Jen ilianzishwa 1925, kwingine 1927, kwingine 1929, na kuna wanaoandika 1961 au 1963. Tushike lipi?

Yote ni ya kweli, ila kila mwaka unahesabu jambo lake. 1925 shule ilifungua milango Beijing, ikiwa bado ni chuo kidogo cha maandalizi cha masomo ya Kichina. 1927 ilianza kuitwa Chuo Kikuu cha Fu Jen, na 1929 serikali ya China, iliyokuwa na makao yake Nanjing, ikaikubali kama chuo kikuu kamili. 1961 ni mwaka wa kufunguliwa upya Taipei, kwa masomo ya juu ya falsafa peke yake, na 1963 ndipo wanafunzi wa shahada ya kwanza walipoingia katika kampasi ya Xinzhuang. Chuo chenyewe huhesabu tangu 1925 na huadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 8 Desemba.

Ukisoma nyaraka za Kichina, angalia kalenda. Za wakati ule, na za Taiwan hadi leo, huhesabu miaka ya Jamhuri, na mwaka wa kwanza ni 1912. Kwa hiyo chukua namba uliyoikuta, jumlisha 1911. Mwaka wa 18 ni 1929. Mwaka wa 52 ni 1963. Wengi hujumlisha 1912, na kila tukio linasogea mbele kwa mwaka mmoja. Mtego mwingine ni mwaka wa masomo. Taiwan huuanza Agosti, hivyo "mwaka wa masomo wa 52" unaanzia 1963 na kumalizikia katikati ya 1964. Mtu aliyehitimu katika mwaka huo alihitimu 1964.

Aliyekianzisha ni nani hasa: Papa, Wamarekani au Wachina wenyewe?

Wazo lilikuwa la Wachina, ruhusa ilitoka Roma, na fedha nyingi zilitoka Marekani. Wenye wazo walikuwa wawili: Ma Xiangbo, padri wa zamani wa Kijesuiti, na Ying Lianzhi, mlei aliyeanzisha gazeti la Ta Kung Pao mjini Tianjin mwaka 1902. Mwaka 1912 walimwandikia Papa Pio X wakiomba watawa wasomi waje kufungua chuo kikuu Beijing. Hoja yao haikuwa na maneno ya kupamba: Waprotestanti wana vyuo, Wakatoliki wa kaskazini hawana, na waumini wanaachwa nyuma. Hakuna aliyetumwa. Ying hakukaa kusubiri. Mwaka 1913 aliwakusanya vijana Wakatoliki huko Xiangshan, kwenye vilima vya magharibi mwa Beijing, akawafundisha fasihi na historia ya Kichina. Jumuiya ile aliiita Fu Jen, na chuo kikarithi jina.

Mambo yalianza kusogea baada ya waraka wa Papa Benedikto XV wa mwaka 1919, uliowakemea wamisionari waliotanguliza maslahi ya nchi zao na kusahau kuandaa viongozi wenyeji. Mwaka 1920 padri Mmarekani George Barry O'Toole, mwalimu wa seminari ya Abasia ya Saint Vincent huko Latrobe, Pennsylvania, alifika Beijing, akamsikiliza Ying, akalifikisha suala hilo Roma. Kazi wakapewa Wabenediktini wa Marekani. Papa Pio XI alitoa lira 100,000. Theodore MacManus, tajiri wa matangazo ya biashara wa Detroit, alitoa dola 100,000. Likapatikana kasri la mwanamfalme Zaitao, ndugu wa ukoo wa kifalme uliokuwa umeng'olewa madarakani. O'Toole akawa rekta wa kwanza. Ying aliiona shule ikifunguliwa, akafariki Januari 1926.

Kwa nini chuo cha Kikatoliki kiliongozwa miaka mingi na mtu asiye Mkatoliki?

Kwa sababu ya sheria ya usajili, na kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa bingwa. Serikali ilitaka shule zilizoanzishwa na wageni ziwe na mkuu Mchina na bodi yenye Wachina wengi, na ilikataza kuwalazimisha wanafunzi masomo ya dini. Sheria ya vyuo vikuu ya 1929 ikaongeza sharti jingine: usipokuwa na vitivo vitatu, na kimojawapo kiwe cha sayansi, kilimo, uhandisi au tiba, wewe si chuo kikuu. Fu Jen ilikuwa imelemea upande wa fasihi. Ikabidi ijipange haraka: fasihi, sayansi na elimu, jumla idara 12. Idara za sayansi za Fu Jen hazikutokana na ndoto ya mtu. Zilidaiwa na sheria.

Mkuu wa chuo akawa Chen Yuan, mwanahistoria aliyeheshimika China nzima, aliyeandika kwa kina juu ya historia ya dini nchini humo. Alishika nafasi hiyo kuanzia 1929 hadi 1952. Lakini chuo kilikuwa na vichwa viwili. Mkuu Mchina aliiwakilisha Fu Jen mbele ya serikali na kusimamia taaluma. Rekta, padri mgeni, alishika mfuko wa fedha za kanisa. Mpangilio huo uliwezekana kwa sababu pande mbili zilielewana. Siku walipokosana, hapakuwa na kifungu cha kuwaamua, na tutaliona hilo kwenye swali la 1950.

Wabenediktini walikaa miaka minane tu. Walifukuzwa?

Hapana, waliishiwa. Abate Mkuu Aurelius Stehle wa Saint Vincent, aliyekuwa mlezi mkuu wa mradi, alifariki mwaka 1930, deni la jengo jipya likiwa bado bichi. Wakati huohuo mdororo wa uchumi ulikuwa umewakausha wafadhili wa Marekani. Chuo kizima kilitegemea abasia moja ibebe deni la jengo, mishahara na gharama za kila siku, tena kwa michango isiyo na uhakika. Hilo ndilo kosa la msingi la mradi wa kwanza, na lilionekana hata kabla ya mdororo. Mwaka 1933 Roma ilikihamishia chuo kwa Shirika la Neno la Mungu, SVD, lililokuwa Shandong tangu miaka ya 1880 na lenye mapadri Wajerumani na Wamarekani.

SVD ndio walioleta, mwaka 1935, jarida la Monumenta Serica la elimu ya mambo ya China, chini ya padri Franz Xaver Biallas. Chuo cha Beijing hakipo, jarida lipo: baada ya 1949, Wakomunisti waliposhika China, lilipitia Japani na Marekani, na tangu 1972 liko Sankt Augustin, Ujerumani.

Nitapita Beijing. Kuna kitu chochote cha kuona?

Kipo. Jengo kuu la 1930 bado limesimama katika mtaa wa Dingfu, na ni mali ya Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing. Shuka kituo cha Beihaibei, njia ya 6 ya treni ya chini ya ardhi, kisha tembea kuelekea kaskazini. Mchoraji wake ni mtawa Mbenediktini Adelbert Gresnigt, aliyeitwa na Celso Costantini, mjumbe wa Papa nchini China, ambaye hakupenda kuona makanisa ya Kigothi yakipandwa katikati ya miji ya Kichina. Tazama pembe kwanza: kila moja ina mnara wenye paa la vigae vya kijani vinavyong'aa, kama ngome ya mji wa zamani. Kuta ni za kijivu, lango la katikati ni la marumaru nyeupe, na ndani mabawa yanazunguka nyua mbili. Ni zege ya kisasa iliyovalishwa vazi la Kichina. Wapo wanaoliona vazi hilo kama kanzu ya kuazima; mimi naona pembe zile zimefanikiwa, hata kama madirisha yanamsaliti fundi wa Ulaya.

Umbali wa kutembea kwa miguu lipo kasri la Mwanamfalme Gong, ambalo chuo kililipata kwa kulikomboa kutoka kwenye rehani na kulitumia kwa wanafunzi wa kike. Leo ni makumbusho.

Kilichotoka Fu Jen kwa upande wa sanaa kinastahili neno pia. Costantini alimshawishi mchoraji Chen Yuandu achore habari za Injili kwa brashi, wino na hariri, kwa kanuni zilezile za uchoraji wa Kichina. Chen alifundisha Fu Jen na akabatizwa mwaka 1932 kwa jina la Luka. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na picha zao zilionyeshwa hadi Ulaya.

Wajapani waliikalia Beijing tangu 1937. Iweje Fu Jen haikufungwa, na chuo cha Kiprotestanti cha Yenching kikafungwa?

Kwa sababu ya pasipoti. Yenching ilikuwa na mkono wa Marekani, na Japani ilipoingia vitani na Marekani Desemba 1941, ilifungwa mara moja. Rekta wa Fu Jen wakati huo, Rudolph Rahmann wa SVD, alikuwa Mjerumani, na Ujerumani ilikuwa mshirika wa Japani. Ngao hiyo iliwakinga watu wengi wasiotaka kufundisha katika vyuo vya serikali ya vibaraka wa Wajapani. Haikumkinga kila mtu: mwaka 1944 walimu kadhaa walikamatwa na polisi wa kijeshi wa Kijapani, akiwemo Ying Qianli, mtoto wa mwanzilishi Ying Lianzhi.

Ni nini hasa kilitokea mwaka 1950?

Vichwa viwili viligongana. Rekta wakati huo alikuwa Mmarekani, padri Harold Rigney. Julai 1950 alimpa Chen Yuan masharti ya kuendelea kupewa ruzuku ya kanisa: bodi mpya iteuliwe na shirika, kanisa liwe na kura ya turufu katika ajira, na walimu watano wasiendelee na kazi. Chen alikataa. Agosti ruzuku ikakoma, serikali mpya ya Wakomunisti ikaanza kulipa mishahara, na tarehe 12 Oktoba 1950 Wizara ya Elimu ikakitwaa chuo. Mwaka uliofuata Rigney alitiwa gerezani, akatoka 1955. Vyuo vya nchi nzima vilipopangwa upya mwaka 1952, sehemu kubwa ya Fu Jen iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing, na Chen Yuan akawa mkuu wa chuo hicho hadi alipofariki 1971.

Husemwa kwamba chuo kingetwaliwa hata bila ugomvi ule. Ni kweli, vyuo vyote vya kimisionari vilikwenda njia hiyo. Lakini masharti yale yaliipa serikali sababu iliyo tayari, na yalimweka Chen mahali ambapo hakuweza kuchagua kanisa bila kuonekana anawatupa walimu wake.

Na kile cha Taiwan kilirudi vipi?

Wahitimu waliokuwa Taiwan waliomba, na mwaka 1959 Papa Yohane XXIII alikubali, akamteua Yu Pin, Askofu Mkuu wa Nanjing aliyekuwa nje ya jimbo lake tangu 1949, kuwa mkuu wa chuo. Safari hii mzigo haukuachiwa mtu mmoja. Uligawanywa mafungu matatu: mapadri wa majimbo wa Kichina walichukua fasihi, SVD pamoja na masista wa Roho Mtakatifu wakachukua sayansi na lugha za kigeni, Wajesuiti wakachukua sheria na biashara. Kila fungu lilitafuta wafadhili wake, likajenga majengo yake, likaajiri walimu wake na kushika hesabu zake.

Fedha zilipatikana kwa njia hiyo. Bei yake ilikuwa chuo kimoja chenye tabia ya vyuo vitatu, na ilichukua miongo kadhaa kuyaunganisha mamlaka hayo. Tiba ilikuja baadaye sana: idara ya udaktari mwaka 2000 na hospitali mwaka 2017. Kufika ni rahisi, kwani kituo cha treni cha mstari wa rangi ya chungwa kina jina la chuo.

Ying Qianli naye alivuka bahari akafundisha Taipei, na familia yake ikabaki Beijing. Mwanawe, Ying Ruocheng, akawa mwigizaji mashuhuri na hatimaye naibu waziri wa utamaduni wa serikali ya Beijing.

Ni kweli kardinali aliongoza ibada ya kuwaheshimu mababu?

Ni kweli. Yu Pin, aliyefanywa kardinali mwaka 1969, aliongoza heshima hizo hadharani Taipei wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina wa 1971. Hakuvunja sheria yoyote. Roma ilizipiga marufuku mwaka 1742, ikalegeza mwaka 1939, ikizitambua kama heshima ya kijamii.

Naandika tasnifu. Nyaraka ziko wapi?

Zimetawanyika kwa kufuata nani alikuwa akilipa. Za miaka ya 1924 hadi 1933 zitafute Abasia ya Saint Vincent, Latrobe. Za SVD ziko makao makuu ya shirika, Roma. Rekodi za wanafunzi na walimu wa Beijing zilibaki Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing, kwa hiyo usiiandikie Taiwan kuomba matokeo ya mtu aliyehitimu 1940. Unapotafuta kwenye katalogi, jaribu tahajia zote: Fu Jen, Fu-jen na Furen, pamoja na jina la Kiingereza la zamani, Catholic University of Peking. Ukitumia moja tu, utakosa nusu ya mafaili.